Rafu za Ukuta Mzima

"Usinifanye mtoto," nilimwambia mume wangu. "Hizo si rafu za unga."

"Mteja kataka rafu, namtengenezea rafu. Ulitaka nimtengenezee jeneza?"

"Kwa nini kila moja ina kizuizi mbele? Unga ukianguka unavunjika?"

Alikuwa amepiga magoti uani, msasa mkononi, akilainisha mahali palipokwisha kuwa laini. Mimi bado nilikuwa na beseni la nguo kiunoni. Nilikuwa nimetoka nje kwenda kuanika, basi, nikavuta turubai lililokuwa limezuia kamba yangu, na chini yake nikakuta rafu zenye urefu wa mtu, nyingi za kufunika ukuta mzima, pamoja na kaunta yenye fremu ya waya na kitundu cha kupitishia mkono.

"Na hii?" nilisema. "Muuza mchele gani anajifungia nyuma ya waya?"

"Anaogopa wezi."

"Wezi wa mchele."

"Mama watoto, una mdomo wewe."

Nina mdomo, na nina stashahada ya ugavi. Kazi yangu ni kutunza stoo ya hospitali, nashinda na rafu kuliko ninavyoshinda na watoto wangu. Rafu ya chupa naijua hata ukinifunga macho.

Ng'ambo ya geti letu kulikuwa na chumba cha biashara kilichobaki kitupu tangu mpiga picha ahame. Kilikuwa kimenunuliwa na mwanamume mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi. Kofia alikuwa ameomba kibali cha kufungua duka la vyakula lenye, kwa maneno yake, kona ndogo ya vinywaji. Sisi majirani hatukumwamini. Alikuwa na duka jingine mtaa wa pili, nalo lilianza vivyo hivyo na kona ndogo, na sasa ukipita pale jioni unaruka miguu ya watu waliolala barazani. Tulipinga, tukaunda kamati, mimi nikawa katibu, na jioni ile ofisa wa mipango miji alikuwa anakuja kutusikiliza palepale mlangoni.

Na mume wangu alikuwa mlevi. Alikuwa. Ameacha tangu mwanetu mdogo aanze shule, na hajawahi kugusa tena.

"Ulijua ni za chupa," nilisema.

"Nilijua."

"Ukanyamaza, nami kila jioni niko vikaoni nabishana kwamba mtu huyu ni mwongo."

Alitupa msasa chini. "Na hao wa vikaoni kwako, nani kati yao ameniletea hata kigoda kilichovunjika mguu? Mmoja nitajie. Mwalimu? Kitanda cha mwanawe kakinunua wapi?"

Nilimjua Mwalimu na nilijua kitanda chenyewe. Mwalimu alikuwa mwenyekiti wetu, mstaafu, mtu wa maneno mengi. Zamani, enzi za ulevi, mume wangu alimtengenezea kabati ambalo milango yake haikukutana. Mwalimu alilirudisha na akalipwa chake, lakini hadithi hakuirudisha. Mpaka leo kila penye watu wawili watatu anaisimulia, na anaonyesha kwa mikono jinsi milango ilivyonuniana.

"Kofia kaja hapa na mchoro," mume wangu alisema. "Kanipa mkono. Kaniita fundi. Unajua mimi mtaa huu naitwaje siku hizi? Mume wa katibu."

"Hilo ni jina baya?"

"Jina lako hilo."

Binti yetu mkubwa alichungulia kutoka jikoni. "Jamani, sauti. Hata mbwa wa jirani amenyamaza anasikiliza."

Nilishusha beseni, nikashusha na sauti. "Baba watoto, hilo duka litakuwa hapo. Ukifungua geti, hilo hapo. Ukirudi kazini, hilo hapo."

"Huniamini."

"Wewe nakuamini. Siiamini saa moja jioni."

"Saa moja jioni nitakuwa nimelala kwa uchovu wa kazi. Kama nina kazi." Alisimama, akaanza kupangusa vumbi la mbao kwenye magoti, polepole, kama mtu anayetafuta maneno humo. "Pingeni. Semeni kelele, semeni watoto, semeni mnachotaka. Ila rafu zangu zisitajwe. Ikijulikana kwamba mke wangu ndiye aliyemchoma mteja wangu, nani tena ataniletea ubao?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Alichukua kimya changu akakifanya ndiyo, akarudisha turubai, akaenda kuoga. Nami nikamwacha aende hivyohivyo.

Jioni tulikaa mbele ya kile chumba, kwenye viti vya Kofia mwenyewe. Alikuwa ameleta na soda. Jirani yangu Mama Mapacha aliipokea ya kwake na kuishikilia mapajani bila kuifungua, kama amepewa mtoto wa mtu.

Ofisa alikuwa msichana mwenye viatu vilivyojaa vumbi, uso wa mtu ambaye hajala mchana. Alituacha tuseme. Mwalimu alizungumzia maadili kwa muda mrefu mno. Mama Mapacha alisema kuta za watu zitageuzwa vyoo, na kwamba ukuta wa kwanza kutoka mlango ule ni wa chumba wanacholala wanawe. Mwingine akasema kelele. Ofisa aliandika, kisha akafunga kalamu.

"Nimewasikia," alisema. "Lingekuwa duka la pombe, kwa mageti haya yalivyo karibu, nisingelipitisha na wala tusingepotezeana muda. Lakini mwenzenu ameomba duka la vyakula. Kona ya vinywaji inaruhusiwa."

"Kreti mbili tatu, mwanangu," Kofia alisema. "Mtu ana sherehe yake, aende mbali kote kule? Mimi ni mtu wa mchele."

"Uongo mtupu!" Mama Mapacha alisema.

"Sasa mama, kama ni uongo, nionyesheni," ofisa alisema. "Siwezi kumnyima mtu kibali kwa sababu hampendi kofia yake. Kuna mwenye jambo la uhakika?"

Watu wakaangaliana. Mwalimu akanigeukia. "Katibu?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, tepu ya kupimia mfukoni. Kofia alimwita aje pale mapema, sijui kwa nini, labda ili aonekane ana mtu wa mtaa upande wake. Alinitazama mara moja, akatazama chini.

"Bado nafikiri," nilisema.

"Basi tumuulize fundi," Mwalimu alisema kwa sauti yake ya darasani. "Kwa mambo ya chupa, hapa hatuna profesa mwingine."

Wakacheka. Si wote, lakini wengi, na wengi wao ni watu wangu, watu wa kamati yangu. Mume wangu naye akacheka. Nilikijua kicheko hicho, cha mtu anayecheka mapema ili wasimcheke peke yake. Damu ilinipanda. Nikafikiri: sawa, kwa heri. Kwa ajili ya hawa sifungui mdomo. Acha duka lifunguliwe, Mwalimu asipate usingizi hata usiku mmoja, na mume wangu apate mteja anayempa mkono.

Kofia alikuwa anacheka kuliko wote. Aliweka mkono begani kwa mume wangu, akamtikisa kidogo kama unavyomtikisa mbuzi kabla ya kumnunua.

"Mwacheni rafiki yangu," alisema. "Huyu ndiye jirani yangu wa kwanza. Kiti chake mle ndani nishakitenga. Hatatoka mbali, anavuka tu."

Kicheko cha mume wangu kilikatika. Alibaki ameachama kidogo, mkono wa Kofia bado begani, na nikaona anaelewa jambo lilelile nililolielewa mimi. Kofia alipomwita fundi siku ile, hakuwa anatafuta fundi. Mafundi ni wengi. Alikuwa ameanza kutengeneza mteja.

Nikasimama. Ningependa kusema nilimwomba ruhusa kwa macho, lakini sikumtazama. Nilijua nikimtazama nitakaa tena.

"Ofisa, rafu za duka hili ziko uani kwangu," nilisema. "Za ukuta mzima. Zote za chupa. Pamoja na kaunta ya waya. Hakuna hata moja ya mchele."

Mama Mapacha alisema "Ala!" taratibu.

"Katibu, ulikuwa unajua?" Mwalimu aliuliza.

"Tangu asubuhi. Na wewe Mwalimu, ukitaja tena kabati lako mbele yangu, nitajitoa kwenye kamati yako na nitautangazia mtaa mzima sababu. Kaa chini."

Akakaa.

Kofia aliondoa mkono begani kwa mume wangu. "Rafu ni rafu," alisema. "Unaweka chochote. Unaweka hata Biblia."

"Nitazipima," ofisa alisema. "Zikijaa ukuta huu, kona iko wapi? Naweza kuziona?"

Nilivuka barabara, nikafungua geti, bawa moja na la pili. Nyuma yangu viti vilikwaruza. Mtaa mzima ulinifuata. Binti yangu alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. Nilivuta turubai. Rafu zilisimama pale nyeupe, safi, milimita kwa milimita, na nitasema kweli, zilikuwa nzuri. Hakuna kilichonuniana. Watu waliziangalia na nikaona baadhi yao wanashangaa, halafu wanaona aibu ya kushangaa.

Ofisa alizipiga picha. "Nataka moja iletwe ukutani kule, niisimamishe. Wawili wanatosha."

Mwalimu akajitokeza, anakunja mikono ya shati.

"Mwalimu, acha," sauti ya mume wangu ilisema.

Watu walimpisha. Alikuja hadi kwenye rafu bila kunitazama, uso wake umefungwa kabisa. Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia kwamba tungetafuta wateja, kwamba hospitali yangu hununua rafu, kwamba mimi ndiye ninayeandika maombi. Vyote vya kweli, na vyote wakati huo vingekuwa upuuzi.

"Baba watoto..."

"Leo usinisemeshe."

Akainama, akashika upande mmoja. Alingoja. Hakuna aliyejua anamngoja nani mpaka aliponyanyua kidevu kuelekea upande wa pili, kwangu. Nikaja, nikashika kwa juu.

"Si hapo," alisema. "Gundi bado mbichi. Shika chini, kunja magoti."

Nikashika chini, nikakunja magoti. Alihesabu, tukanyanyua pamoja, tukatoka nayo getini, yeye akitembea kinyumenyume, kuelekea kwa Kofia.