Pale Wimbo Unapopunguza Mwendo

Redio ya fundi cherehani hukaa juu ya kabati la vitambaa. Inapopiga ule wimbo wa huzuni wa bendi ya roki, mama yake aliyefariki huingia, husogeza kiti na kushona mpaka wimbo uishe. Huja na muziki, huondoka na muziki. Maneno ya mtangazaji hayasikii. Kwa hiyo fundi, binti yake, humwekea kola tayari, maana wimbo mmoja unatosha kola moja.

"Wamenitaja?" mama huuliza kila mara.

"Bado, mama."

Zamani vijana wa bendi walifanya mazoezi katika chumba cha nyuma cha duka hili, kwa kuwa ndicho pekee chenye soketi isiyopiga shoti. Binti, mdogo wakati huo, alilala chini ya meza juu ya vipande vya vitambaa. Siku zile zilikuwa tamu. Mama alishona huku akimwimbia mumewe, aliyeaga kwamba anakwenda kutafuta kazi akapotelea huko huko. Vijana wakaudaka wimbo huo, mpiga ngoma akafuata mdundo wa cherehani. Kwenye ncha ya kola mama alipunguza mwendo, kama afanyavyo fundi yeyote asiyetaka kuharibu kitambaa cha watu. Mpiga ngoma naye akapunguza, akidhani ndivyo wimbo ulivyo. Wakaurekodi hivyo hivyo, na nchi nzima ikalia hapo.

Mwimbaji wao, Sauti Asali, huwaeleza watangazaji kwamba pale ndipo moyo wake uliposimama alipoachwa na mchumba. Hakuachwa na mtu. Wakati ule alikuwa na gitaa la kuazima na suruali moja, mchumba angemtoa wapi?

Juzijuzi alikuja kushonesha koti la tamasha la Jumamosi la kuuadhimisha wimbo, ambalo lingerushwa redioni. Redio ikaupiga, mama akaingia.

"Shikamoo, mama," alisema, akinyoosha mikono apimwe.

"Marahaba. Umenenepa."

Wimbo ulipoisha na mama kuondoka, binti alitoa neno alilokaa nalo rohoni miaka yote.

"Kaka, Jumamosi mtaje mama. Mara moja tu."

"Hilo tu, mdogo wangu? Mama yule ni mama yetu sote."

Jumamosi binti alifunga duka mapema, akaongeza sauti ya redio. Sauti Asali aliwashukuru mashabiki, wadhamini, mafundi mitambo, na yule mchumba. Kisha wimbo ukaanza.

Mama akaingia, akaketi.

"Wamenitaja?"

Binti akamsogezea kola.

"Wamekutaja, mama. Ukumbi mzima umepiga makofi."

"Jina langu lote?"

"Lote."

Mama akatabasamu, akaanza kukanyaga. Alipofika kwenye ncha ya kola akapunguza mwendo, na ukumbi wote ukapunguza pamoja naye, watu wakilia. Wimbo ukaisha. Kiti kikabaki kitupu.

Binti akakata uzi. Kola ilikuwa imenyooka vizuri, na mtangazaji alikuwa akiwasimulia wasikilizaji habari za yule mchumba.