Wakili Aliyetumwa Osterby

Verna Kolodychuk alipopigiwa simu kwamba Mwanasheria Mkuu wa jimbo anamtuma wakili wake kuja kuichukua kesi yake, alifurahi kama mtoto. Tusimcheke. Angejuaje?

Mwaka mzima alikuwa ameibeba peke yake. Polisi walishasema kifo cha Dale, mwanawe wa pekee, ni ajali tu: kijana aliingia kwenye ghala la chuma kuvunja mabonge ya ngano, ngano ikamfukia. Verna hakukubali. Alisoma sheria kwenye maktaba ya mji wao, Osterby, akajaza fomu, akaapa, akamshtaki nyapara wa Dale, Roy Tiessen, kwa jina lake mwenyewe, kwani kwao raia yeyote anaruhusiwa. Akapata na shahidi, Marvin, aliyekuwa kazini na Dale siku ile, na ambaye aliacha kazi ili aje aseme ukweli.

Asubuhi ya kesi, wakili akasimama. Aliitwa Whitcombe, suti ya kijivu, viatu vimejaa tope la theluji.

"Mheshimiwa, kwa niaba ya Mwanasheria Mkuu, nachukua uendeshaji wa shauri hili."

Verna akamfinya Marvin mkono kwa furaha.

"Na namwelekeza karani aandike kwamba limesimamishwa."

Basi. Dakika mbili hazikufika. Hakimu alivua miwani, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba hana uwezo wa kukataa. Ofisi ile ikisema basi, ni basi. Roy Tiessen akacheka puani, akachukua kofia yake.

Verna alimkuta wakili kwenye korido, akamzibia njia.

"Wewe bwana mdogo, simama hapo."

"Mama, pole sana kwa..."

"Pole yako weka mfukoni. Ulikuja kuichukua kesi au kuizika?"

"Ofisi imeona ushahidi hautoshi. Na kuendelea hakuna manufaa kwa umma."

"Umma gani? Mimi ni ng'ombe? Huyu Marvin umemsikiliza?"

"Nimesoma muhtasari."

"Muhtasari!" Verna alimchukia mtu yule kuliko alivyowahi kumchukia yeyote, hata Roy. Roy angalau alimjua Dale. "Marvin, njoo. Sema ulichokuja kusema. Sema hapahapa."

Marvin alikuwa amevaa tai ya kuazima. Akailegeza.

"Dale aliuliza mkanda wa usalama na kamba yake viko wapi. Roy akamwambia kamba ni za watoto, lori linasubiri, ingia."

"Mwongo mkubwa wewe!" Roy alifoka kutoka mlangoni. "Sikusema za watoto! Nilisema kamba iko ghala la pili na hatuna muda wa kuifuata!"

Korido nzima ikamgeukia. Roy mwenyewe alisikia alichosema, uso ukamwiva, akatoka nje bila kuvaa kofia.

"Umesikia?" Verna akauliza.

Whitcombe alitazama viatu vyake. "Shauri limeshasimamishwa, mama."

"Kusimamishwa si kufutwa. Mna mwaka mmoja wa kulirudisha, nimesoma, usinifanye mjinga. Kalamu hii hapa. Andika alichosema."

Hakuipokea. "Leteni maelezo kwa maandishi ofisini. Yataangaliwa kwa utaratibu."

"Nitayaleta Jumatatu."

"Sawa."

"Na Jumatatu itakayofuata. Na nyingine, na nyingine, mpaka mwaka uishe. Nitakaa hapo mapokezi, kila anayeingia nitamsimulia, mpaka huyo bosi wako atoke mwenyewe aone sura yangu."

Wakili akahamisha mkoba mkono wa pili. Kwa mara ya kwanza alimtazama machoni, na sauti yake ikawa ya mtu anayejaribu kumwonea huruma.

"Mama, kutoka hapa mpaka ofisini kwetu ni kilomita mia tatu."

"Najua," Verna akasema. "Nyumbani sina tena wa kumpikia."