Kadi Iliyochapwa Mara Tatu

"Simamisha mashine, Baba!"

Hakusikia, au alijifanya hasikii. Mashine ilizidi kutema kadi zangu za arusi, nyeupe, zenye maua ya dhahabu pembeni, na kila moja ilisema yale yale: Bwana Salem Yeslam na mkewe wanakualika kwenye arusi ya binti yao na Faiz Abdulhadi. Faiz alikuwa na jina, tena na la babake. Mimi nilikuwa binti tu, kana kwamba angepelekwa ukumbini yeyote aliyekuwa tayari.

Ni miaka sasa, lakini nikisikia mashine ya uchapaji moyo bado hunienda mbio.

Mwezi mmoja kabla, katika duka lile lile la Baba pale Mji wa Kale, mashine hiyo ilichapa jarida letu, mimi na walimu wenzangu wa shule ya Tononoka. Nilikuwa nimeandika makala kuhusu jarida jingine, la vijana wa Uchina wa miaka mia na zaidi iliyopita. Vijana wale walichoshwa na maandishi ya kale yaliyoeleweka na wasomi wachache, wakaandika kama watu wasemavyo nyumbani. Wakauliza kwa nini mwana aozwe bila kuulizwa, kwa nini mwanamke ajulikane kwa babake na mumewe tu. Wazee wao waliwaka, nao hawakunyamaza. Nilipowasoma sikupata usingizi.

Baba alilichapa jarida letu bila kulisoma. Yeye huangalia wino na pambizo, basi. Mama alichukua nakala, nikadhani ni ya kufungia visheti.

Basi siku ile ya kadi, Baba alipokataa kusimama, nikauzima umeme ukutani.

"Una wazimu, Shahd?"

"Jina langu li wapi?"

"Jina la mwanamke halitiwi kwenye kadi, mwanangu. Kadi yapita mikononi mwa watu. Hiyo ni sitara yako."

"Wachina walisema..."

"Wachina hawaji arusini. Watakaokuja ni shangazi zako."

Nikamwambia basi na waolewe hao shangazi. Ukumbini siendi mpaka nitajwe. Siku kadhaa hatukusemezana. Nilizunguka nyumba roho juu, sikai, sili. Nilimpenda Faiz, na kila nikipanda ngazi niliogopa kwamba nitamkosa kwa ajili ya neno moja la karatasi. Lakini kurudi nyuma nilishindwa.

Mwishowe Baba akaniita dukani. Juu ya meza palikuwa na kadi mpya ya mfano: binti yao Shahd, kwa herufi za dhahabu. Hakunitazama usoni.

"Kagua. Nisije nikazimiwa umeme tena."

Nikaikagua, nikarudia, nikasema haina kosa. Nililia, na sioni haya kusema.

Mashine ilipoanza tu, Mama akaingia na chai. Akafuta mikono kwenye leso, akaokota kadi, akaisoma polepole.

"Simamisha mashine, Baba Shahd."

"Kuna nini tena?"

"Lile jarida la mwanao nimelisoma lote." Akaweka kidole juu ya neno mkewe. "Mimi naitwa Amatullah."

Baba akaenda ukutani, akauzima umeme mwenyewe.