Nampa Mji Asiye na Uso

Usingizi wangu wa mchana huanzia miguuni. Nimekaa barazani kwangu Tabora, chakula kimeshaliwa, kiti changu cha kamba kimeegemea ukuta, simu iko mkononi na kamera ya marehemu mume wangu iko mapajani, na miguu inaniaga taratibu kama wageni wastaarabu, mmoja kwanza, halafu mwingine. Ndani ya simu mna picha alizonitumia mjukuu wangu Kalunde kutoka Kambodia, alikokwenda kupiga picha magofu ya mahekalu ya kale ya Wakhmer, nami nazitazama tangu asubuhi na sizichoki. Ukuta wa mawe, na juu ya ukuta umekaa mti mzima, mkubwa kuliko nyumba, mizizi yake imeteremka juu ya mawe kama uji uliofurika sufuria. Kwenye picha ya mwisho Kalunde ameniachia sauti yake. Shikamoo bibi, anasema, hebu tazama huu mlango, si ndio ule wa kwenye pazia la babu? Natazama, na kweli ndio wenyewe. Mume wangu Maganga alikuwa na studio ya picha, na ndani ya studio alitundika pazia lililochorwa na fundi mmoja mpita njia: ngazi za mawe, mlango mweusi, miti mikubwa. Watu walitoka Urambo, walitoka Nzega, wamevaa vizuri, wapigwe mbele ya ngazi zile, na hakuna aliyejua zinaelekea wapi. Kalunde sasa anatengeneza kitabu cha picha za babu yake, na ukurasa wa kwanza anautaka uso wa mwenyewe, na uso huo haupo. Miaka arobaini Maganga alipiga mji mzima, yeye hakupigwa na mtu. Juzi Kalunde aliniuliza, bibi, babu alikuwa na sura gani, nikamjibu alikuwa mweusi, mrefu kiasi, mpole. Akasema, kwa upole wake ule, hao ni wengi, bibi. Nikafumba macho nimtafute. Nikaona koti lake, nikaona vidole vyenye harufu ya dawa ya kusafishia picha, nikaona kamera imeinuliwa, na nyuma ya kamera hapakuwa na kitu. Tangu juzi ndiyo shida yangu. Kamera hii mapajani bado ina filamu aliyoiacha yeye, na kidirisha cha kuhesabia picha kinaonyesha thelathini na tano. Imebaki moja.

Basi miguu imekwisha kwenda, magoti yanafuata, na ninapoinua macho naona pazia la studio limetundikwa pale uani, kwenye kamba ya kuanikia nguo, kati ya kanga yangu na shuka. Upepo unalipuliza lakini ngazi hazitikisiki. Nainuka, wala kiuno hakilalamiki, nakwenda, nalishika pindo, nalifunua kama mtu anayechungulia mgonjwa, nainamisha kichwa, napita.

Kuna joto la majani mabichi, na ndege nisiowajua wanapiga kelele kama watoto wa shule siku ya kufunga, na njia zinatoka mbele yangu, nyingi, zote nyekundu, zote ndefu, kila njia ina mti mwisho wake na kila mti umekalia nyumba ya mawe. Moyo wangu unadunda kama wa msichana. Nataka kupiga picha huku, nataka kupiga kule, kidole kiko juu ya kitufe, halafu nakumbuka ni moja tu, nakishusha. Pembeni ya njia kuna maji yaliyotulia, na ndani ya maji kuna mji mwingine umesimama kichwa chini, na watu wake wanatembea bila haraka, nyayo zao zikigusa nyayo zangu. Nikipiga hatua, mama mmoja wa chini anapiga hatua. Nikisimama, ananingoja. Nauona huo ni wema, kumngoja mtu usiyemjua.

Mbele yangu amesimama kiongozi wa njia. Amevaa shuka ya rangi ya boga, mikono yake mizuri, na pale penye uso hapana kitu, ni peupe na laini kama karatasi ya picha kabla haijatiwa kwenye dawa. Siogopi, ila napata tabu moja. Sijui kama nimwamkie au nisubiri kuamkiwa, kwa sababu umri wa mtu unausoma usoni. Yeye naye ananingoja. Tunasimama, mti unakua, tunasimama. Mwishowe nasema, shikamoo, maana shikamoo ikizidi haimuumizi mtu. Marahaba, anajibu, na sauti yake ina kicheko. Hapo hapo nashuku nimemwamkia mtoto. Una miaka mingapi wewe, namuuliza. Anasema, mimi nimechongwa juzi, miaka elfu hivi. Haya, nasema, basi shikamoo yangu haikupotea. Na uso wako uko wapi? Sijapigwa bado, anasema. Huku hakuna mwenye uso mpaka apigwe. Namwambia nimemfuata mume wangu Maganga, mpiga picha, nataka nimwone uso nimpige, nina picha moja. Anasikiliza ameinamisha kichwa, anapangusa kwa kiganja jiwe la kukalia, ananikalisha, kisha anakata jani pana ananishikia juu ya kichwa jua lisinichome, na huku amelishika anasema, kitendawili.

Sasa mimi nimelelewa na bibi yangu Uyui na mtu akitaja neno hilo mdomo wangu hauniombi ruhusa. Tega, nasema. Anasema, nimemkumbatia mpaka nimemvunja, nikimwachia ataanguka. Nafikiri. Mlevi na nguzo, nasema. Anacheka, jani linatikisika, anasema si huyo. Mama mkwe na mwanawe, nasema. Anacheka zaidi, anasema hata huko kwenu wapo? Tena wengi, namwambia, lakini nimeshindwa. Nipe mji, anasema. Ndiyo desturi, aliyeshindwa hutoa mji, utotoni nilishagawa miji mpaka nikamaliza dunia. Nakupa Singida, nasema upesi. Asante, anasema, nikaenda Singida nikaona nini? Nasema, umeona, umeona, na hapo nasita, maana Singida nililala siku moja tu, nikisubiri basi. Maji yanatikisika, na ule mji wa chini unakuwa Singida, mahali pa kusubiria basi pasipo na mtu. Amenipa jibu lake, kumbe ni mzizi na ukuta, ananionyesha kwa mkono: mzizi umepasua jiwe, na jiwe hilo hilo limelala ndani ya mzizi kama mgonjwa mkononi mwa anayemnywesha maji. Ungeukata mti, hekalu lote chini. Nautazama mzizi ule na machozi yananilengalenga, lakini ni ya furaha, kwa sababu kitu kizuri vile sikutegemea kukiona kwa umri huu.

Tunatembea. Njia inajikunja inarudi, nyumba za mawe ni zile zile na si zile, mlango huu una mti kichwani, huu una mti mlangoni, huu mti umekuwa mlango, na kila tulipopita panajifunga nyuma yetu kwa majani. Kwenye kila kizingiti kiongozi ananishika kiwiko, hanivuti, ananishika tu. Nikichoka, yeye ndiye anayejifanya amechoka. Tunafika mbele ya mnara wenye nyuso za mawe pande zote nne, kubwa kama nyumba, midomo imekaa kama inataka kutabasamu na inangoja ruhusa, na chini ya mnara kuna mlango mweusi, ule wa pazia. Yuko ndani? nauliza. Yuko, anasema. Basi nipishe, baba. Anasema, kitendawili. Tega basi, nasema, na pumzi zinanikimbia. Anasema polepole, wote niliwatazama, hakuna aliyenitazama.

Nalijua. Nalijua kabla hajamaliza, nimeishi nalo nyumba moja, nimelipikia, nimelifulia koti. Maganga, nasema. Ndege wananyamaza. Kiongozi anainamisha ile karatasi yake ya uso, na nasikia amesikitika kweli. Mama, anasema, mimi nimekutegea kitu, wewe umenipa jina la mtu. Jibu ni mpiga picha. Nasema, si ndiye huyo huyo? Anasema, kwako ndiye, kwenye kitendawili siye. Tunabishana kidogo. Namwambia hata bibi yangu angeipokea hiyo. Anasema, bibi yako ndiye aliyenifundisha, naye hakuwa akipokea. Hapo nakubali, maana ni kweli hakuwa akipokea. Nipe mji, anasema, na safari hii sitaki wa kusubiria basi. Mji usioulilia haufungui mlango. Nasema nakupa Kigoma. Mlango hautikisiki. Nakupa Mwanza, kuna dada yangu. Mlango umepiga mlio kidogo tu, ukatulia. Na mimi najua upi anautaka, nimeshikilia kamera kifuani na najua. Nyumba yangu iko pale. Studio ilikuwa pale, na jirani yangu Mgole anayeniletea maji ya moto kila asubuhi tangu goti liharibike, na wala hajawahi kusema amechoka. Nikishautoa nitarudi wapi? Kiongozi hanihimizi. Ananishikia jani lake juu ya kichwa na anangoja, kama yule mama wa majini. Kisha nawaza, mimi ninautaka mji kwa sababu yeye alikuwamo. Nakupa Tabora, nasema. Nikaenda Tabora nikaona nini? anauliza, na sauti yake imekuwa ndogo. Namwambia. Umeona reli na mchanga, umeona nyumba yenye baraza na kiti cha kamba, umeona uani kamba ya nguo, umeona mume anarudi jioni ananukia dawa, ananiambia, mama Nyamizi, leo nimepiga harusi mbili na mtoto mmoja aliyekataa kucheka, nami namwekea maji ya kuoga. Umeona hayo. Sasa ni yako.

Mlango unafunguka bila sauti. Ndani hakuna paa, mwanga unashuka kati ya mizizi kama maji ya bomba, na kwenye ukuta wa mwisho, juu ya mawe, limetundikwa pazia, na pazia limechorwa Tabora, baraza langu, kiti changu, kanga yangu kwenye kamba, rangi bado mbichi. Na upande wa pili wa chumba, chini ya mzizi, amesimama Maganga kwa koti lake, kamera imeinuliwa, imemfunika uso. Naye anasema, kaa, mama Nyamizi, nimekungoja sana. Nasema, shusha hiyo kamera nikuone. Anasema, nikiishusha nitakupigaje? Nasema, leo napiga mimi. Anasema, wewe, aliyewahi kukata kichwa cha mkuu wa shule pichani? Nilikata mara moja tu, nasema, na kilikuwa kirefu. Anacheka, kamera inatikisika mikononi mwake, na mimi nimeshainua ya kwangu, mwili mzima umejaa furaha ile ya kutaka kupiga kelele. Naweka jicho kwenye kamera, naona kamera inaitazama kamera. Hapo nakumbuka alichokuwa akinifundisha. Alihesabu moja, mbili, tatu, na watu wote walidhani anapiga kwenye tatu. Hakupiga kwenye tatu hata siku moja. Alisema, kwenye tatu mtu ameshajigandisha, mbili ndiyo ya kweli. Basi nakaa kwenye kiti changu, ambacho sasa kiko mbele ya pazia, namwambia, haya, hesabu. Anasema moja. Na kabla ya mbili anafanya alichokuwa akifanya siku zote na mimi nilikisahau, anatoa jicho pembeni ya kamera amhakikishe mtu kwa jicho lake mwenyewe, uso wote nje, nukta moja. Mbili, anasema. Tunabonyeza pamoja.

Mlio wa kamera ndio unaoniamsha, au ni kikombe cha Mgole anachokiweka kwenye kiti cha pembeni. Umelala vizuri leo, mama Nyamizi, anasema, ulikuwa unacheka. Nimekaa barazani. Simu inaita, ni Kalunde, na hata salamu sijaipokea namwambia, mjukuu wangu, andika. Jicho la kushoto la babu yako lilikuwa na mikunjo mingi kuliko la kulia, kwa sababu ya kulifumba miaka arobaini. Upande ule alionekana mzee, upande huu kijana. Meno ya mbele yameachana. Nyusi zimekutana. Kalunde anasema, bibi, ndivyo nilivyo mimi. Na kweli, ndivyo alivyo, hata mwanya.

Simu imekatika. Naitazama kamera, kidirisha kinaonyesha thelathini na sita. Labda kidole kilibonyeza usingizini. Sitaifungua, mwanga utaiunguza, atakuja Kalunde aisafishe. Ila kuna jambo moja sijamwambia mtu. Tabora niliitoa, tena mbele ya shahidi, na mji ukishatolewa haurudishwi, hiyo ndiyo desturi. Nimenyoosha mkono nyuma ya kiti nikagusa ukuta wa baraza, na kidole kimerudi na rangi mbichi, kama ile ya pazia. Mgole anasema ukuta huu haujapakwa rangi tangu msiba. Basi nimekaa wima kidogo, nimeiweka kanga vizuri begani, sijigandishi, nasikiliza. Mtu anahesabu mahali fulani. Amesema moja.