Mbavu Ndani ya Pipa la Maji

Jumanne hiyo, mara tu baada ya chakula cha mchana, Nelvine Chepkurui aliweka pipa la maji juu ya kiti cha mashine ili kuijaribu, akalifunga mkanda kama anavyofungwa mtu, akatoka, akafunga mlango mzito na kubonyeza kitufe. Kiti kikazunguka taratibu, duru moja. Baada ya dakika tatu picha ikatokea kwenye kompyuta, na ndani ya pipa mlikuwa na mbavu.

Zilikuwa hafifu, kama alama ya mkono kwenye kioo chenye ukungu. Lakini zilikuwa mbavu, na katikati yake mapafu mawili na kivuli cha moyo.

"Seth," aliita, "umeweka nini kwa hii pipa?"

Seth Owino, fundi wake, alikuja akijifuta mikono. Alitazama picha muda mrefu.

"Maji tu, daktari. Ya mfereji."

Walifungua pipa wakakuta maji. Wakayamwaga, wakasugua pipa ndani na nje, wakajaza mengine, wakapiga picha tena. Mbavu zikarudi pale pale. Nje mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga mabati, na majani ya chai yaliyozunguka karakana yakapotea ndani ya weupe.

Mashine hiyo walikuwa wameijenga kwa miaka minne, chini ya chuo alikofundisha Chepkurui, katika karakana ya kukodi nje kidogo ya Kabianga. Mashine za CT za hospitali kubwa humlaza mgonjwa na kumzunguka, zikimpiga picha mamia kwa mamia. Hii yao ilimketisha mgonjwa kwenye kiti, kiti ndicho kilichozunguka, na picha zilikuwa sitini tu, kwa mionzi kidogo. Kilichokosekana kilijazwa na programu. Waliifundisha kwa kuionyesha picha za vifua vya watu wengi, mpaka ikajua kifua cha binadamu kinavyokaa. Nia yao ilikuwa kuipakia kwenye lori na kuipeleka kwa wakulima wa Mogogosiek na kwingineko, watu wanaokohoa mwaka mzima kabla ya kumfikia daktari.

"Inajaza mapengo," Chepkurui alisema. "Imezoea vifua. Ukiipa maji, inaota kifua."

"Kifua ya nani?"

Chepkurui alisogea karibu na kompyuta. Alikuwa ameshauona ubavu wa saba, upande wa kushoto, uliopinda kama kiwiko.

Mama yake, Elmina, aliangushwa na ng'ombe akiwa msichana. Ubavu ukavunjika, ukaunga vibaya. Miaka mitatu iliyopita saratani ya pafu ilimmaliza, baada ya kupigwa CT mara kumi na moja. Baadaye, picha za kufundishia programu zilipokuwa haba, Chepkurui alichukua zile kumi na moja akazitia zote, bila jina na bila kumwambia mtu. Watu wengine wote walikuwa na picha moja moja. Mtoto akionyeshwa uso mmoja mara nyingi kuliko nyuso zote, huo ndio atakaouchora. Sababu aliijua vizuri kabisa, lakini haikumwondolea ubaridi uliompanda mgongoni.

Ilimpasa aseme siku hiyo hiyo. Hakusema. Kila siku ya wiki hiyo alimtuma Seth hadi soko la Kapsoit kutafuta waya au skrubu, na Seth akishaondoka aliweka pipa kwenye kiti. Mama yake alikuja kila mara. Alikuja na ubavu wake, na lile doa dogo la saratani katika pafu la kushoto. Siku ya Ijumaa Chepkurui alipanga picha za wiki nzima kwa safu. Doa lilionekana kukua kutoka moja hadi nyingine. Alilipima kwa kipimo cha kompyuta, mara mbili, kisha akaacha kulipima. Aligundua kwamba alikuwa akinong'ona kwa Kikipsigis, akimwambia mtu asiyekuwepo akae wima asitikisike.

Jumatatu aliporudi kutoka chuoni alimkuta Seth ameketi mbele ya kompyuta, shati halijafungwa vifungo.

"Nimejipiga picha," Seth alisema. Kamati ya chuo ilikuwa imeruhusu wao wawili wawe wa kwanza kupigwa picha, ila Chepkurui alikuwa akiahirisha. "Nilichoka kungoja. Sasa niambie hii ni nini."

Picha ilikuwa safi kuliko zote walizowahi kupata. Mabega mapana yalikuwa ya Seth. Ubavu wa saba ulikuwa umepinda, na doa lilikuwa katika pafu la kushoto.

"Mimi sijawahi kuvunjika mbavu," Seth alisema. "Nimezaliwa kwa nyumba za kampuni ya chai, nimecheza mpira miaka yote, sijawahi hata kuteguka. Huyu mtu ameingia ndani yangu, daktari. Na amekuja na ugonjwa wake."

"Seth, si wako. Huo ni wa mama."

Akamweleza yote, akiwa amesimama. Seth alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja.

"Ulijua tangu Jumanne?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa unanituma skrubu."

Alitoka akapanda bodaboda kwenda mjini, akapigwa eksrei ya kawaida. Mapafu yake hayakuwa na kitu. Alirudi kesho yake, akaweka bahasha ya eksrei mezani, akavuta kiti.

"Toa hizo picha," alisema. "Mimi nitakaa hapa ukitoa. Hiyo si kazi ya kufanya peke yako."

Zilikuwa faili kumi na moja. Chepkurui alizifuta moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa kama kutupa tena konzi ya udongo kaburini. Kisha akaiandikia kamati barua, akaeleza alichofanya, akatia jina lake. Walimsimamisha miezi miwili. Seth alibaki akiifundisha programu upya tangu mwanzo, kwa picha zilizoombwa kwa ruhusa, kila mtu moja. Chepkurui aliporudi walipiga picha ya pipa mara arobaini. Mara zote lilikuwa na maji tu.

Mtu wa kwanza wa kujitolea alikuwa Mzee Kipkirui, aliyelisha kuni tanuru la kiwanda cha chai kwa miaka ishirini na sita. Alisalimu "Chamgei," akavua koti, akaketi kama mtu anayenyolewa. Kiti kikazunguka.

Seth ndiye aliyeliona kwanza. Alirudi nyuma hatua moja.

"Amerudi," alisema kwa sauti ya chini.

Doa lilikuwa katika pafu la kushoto, karibu mahali pale pale. Kidole cha Chepkurui kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Angesema mashine imekosea, mzee angekunywa chai na kwenda nyumbani kwa amani, na hakuna ambaye angemlaumu. Akajilazimisha kuhesabu mbavu. Wa kwanza, wa pili, hadi wa saba. Ulikuwa mnyoofu. Akahesabu tena upande wa pili. Zote zilikuwa nyoofu.

"Huyu si mama," alisema. "Hili ni la mzee."

"Na kama ni mama, ameacha tu ubavu nyuma?"

"Basi hospitali itatuambia."

Alitoka akaketi karibu na Kipkirui. "Baba, mashine yetu ni changa, na imeshawahi kutudanganya. Imeona kitu kwa pafu. Naomba twende pamoja hospitali, wakupige kwa ile yao."

Mzee alimtazama usoni. "Wewe unaamini?"

"Mimi naogopa, baba. Ndio maana nataka twende leo."

Walienda siku hiyo hiyo. Mashine ya hospitali, iliyomlaza mzee chali na kumzunguka, ilionyesha doa lile lile, dogo kama punje ya mahindi. Wiki tano baadaye alipasuliwa Eldoret, kipande cha pafu kikatolewa. Daktari wa huko alisema kwamba kwa kawaida wagonjwa kama hao humfikia wakiwa wamechelewa.

Seth hakuwahi kuketi tena kwenye kile kiti, na alipokisafisha alikisafisha kwa fimbo ndefu yenye kitambaa. Chepkurui hakumcheka. Mwezi wa nane walipakia mashine kwenye lori. Asubuhi ya kwanza foleni ilikuwa ya watu thelathini, wamejifunika makoti kwa ukungu, na wa mbele alikuwa mama mmoja mchuma chai aliyeitwa Drusilla. Chepkurui alimwomba avue mkufu, akamfunga mkanda, akamwambia abane pumzi.