Shimo Nyuma ya Jiko Langu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, kaburi lilichimbwa nyuma ya jiko langu hapa Bumula, ilhali hakuna aliyekufa. Ninaandika kwa mkono niliofundishwa kushika kalamu katika darasa la watu wazima, kwa sababu uvumi umefika Chwele kabla ya ukweli.

Aliyelichimbisha ni Nasambu, binti wa marehemu dada yangu. Alilelewa Kitale, na huko hupiga video za harusi ili apate kutengeneza filamu zake mwenyewe. Ametengeneza tatu, zote za vijiji vyetu, na huzionyesha kwenye shuka jeupe kanisani. Aliniomba uwanja wa kupigia ya nne, inayohusu mjane. Nilikubali. Kaburi hakulitaja.

Mume wangu, Levi, alikuwa amelazwa Kitale kwa wiki ya tatu, na Nasambu ndiye aliyemtembelea kuliko sisi sote. Nilipoona udongo umerundikwa, nilijiuliza: huyu mtoto ameambiwa nini na madaktari ambacho mimi sijaambiwa?

Jirani yangu Joan aliegemea ua. "Mama Tonny, si ulisema mzee anaendelea vizuri? Sasa hiki kipimo ni cha nani?"

"Ni sinema."

"Sinema ya majembe. Haya."

Nilimwendea Nasambu, nikaomba karatasi wanazosomea waigizaji.

"Mama mdogo, utazisoma zote?"

"Zote."

Nilifuata mistari kwa kidole. Katika ukurasa wa pili nilikuta jina la marehemu: Levi. Katika ukurasa wa mwisho: kaburi linabaki wazi.

"Zima kamera," nilimwambia.

"Kamera nimeazima kwa Preeti, yule wa studio pale Kitale. Kesho nairudisha. Nikikosa leo, filamu imekufa."

"Afadhali ife filamu."

"Jina alinipa baba mdogo mwenyewe. Mpigie umuulize."

Nilimpigia, nikaweka sauti kubwa ili nisidanganywe. Levi alicheka hadi akakohoa. "Miguu imekataa kutembea, nikaona heri jina litembee. Kuna ubaya?"

"Na kaburi, ulilitoa pia?"

"Kaburi gani?"

Nasambu alitazama chini. Nilipomaliza kueleza, Levi alizungumza naye polepole. "Mwanangu, kwetu kaburi lililochimbwa halilali tupu. Litamtafuta mtu. Zikeni mgomba kabla jua halijatua."

"Lakini filamu inaishia kwenye kaburi wazi, baba. Nimeiandika miezi minane."

"Basi andika tena."

Nilichukua panga, nikakata mgomba uliokwisha kuzaa, na Joan akanisaidia kuuburuta. Nasambu alisimama kando, kamera begani. Tulipokuwa tukiushusha, Joan alianza wimbo wa maziko kwa sauti ya chini, bila kuombwa, nami nikajikuta nalia, kwa maana niliuona uso wa Levi pale chini. Nilipoinua macho, taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka.

Sikumwambia aizime. Tulipokwisha kufukia, alinishika mkono. "Mama mdogo, mwisho nimeupata."

Nilimuuliza kama kweli hakuijua desturi hiyo, au aliijua tangu alipoliandika lile shimo. Alinijibu kwamba amekulia mjini. Mama yake, dada yangu, aliijua vizuri sana. Sijauliza tena.

Levi alirudi nyumbani Alhamisi iliyofuata. Anatembea kwa mkongojo, na kila asubuhi hulizunguka lile tuta kabla ya kunywa chai. Filamu itaonyeshwa Chwele, na wapo wanaosema wataizuia kwa kuwa ndani yake amezikwa mtu.

Hakuzikwa mtu. Aliyezikwa ni mgomba. Wewe uliyeshika karatasi hii, mpelekee jirani aliyesikia vingine. Na kama hajui kusoma, keti naye umsomee, kisha umwachie ampe mwingine.