Bega la Mdogo Wake

Kinyozini kwake wateja walimwita Bwana Asilimia, na jina lilimkaa. Mteja akiketi, kabla hajafungwa kitambaa shingoni ameshaambiwa mrushaji gani wa besiboli huchoka mapema, na mpigaji gani hana lolote akirushiwa mpira wa chini. Kubeti kwa mapenzi, alisema, ni kazi ya wajinga. Yeye alibeti kwa takwimu. Aliliwa pesa kama wanavyoliwa wajinga, ila yeye aliliwa kisomi.

Jumamosi asubuhi, kichwa cha mteja kikiwa nusu kimenyolewa nusu bado, simu iliita. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mrushaji wa timu ya mji.

"Kaka, bega linanivuta tena. Namba zako zinasemaje? Nicheze, au nimwambie kocha anipumzishe?"

Namba zilikuwa wazi. Kasi ya mpira wa mdogo wake ilikuwa ikishuka mechi hadi mechi, na kila mara ilishuka mapema zaidi. Bwana Asilimia alikuwa ameyaona hayo, na kwa sababu hiyohiyo alikuwa ameshabeti kwamba kijana atatolewa kabla mechi haijafika nusu. Asipocheza kabisa, beti inafutwa.

"Cheza," alisema. "Namba zinasema uko fiti."

"Basi. Ukishasema wewe, sina wasiwasi."

Alimalizia kile kichwa harakaharaka, akamkwaruza mteja nyuma ya sikio, akaisingizia mashine.

Mchana alikwenda kutazama mechi kwa mama yao, ambaye alikuwa amevuta kiti hadi karibu aiguse televisheni. Mechi ilikuwa haijafika mbali mdogo wake aliporusha mpira, akashika bega, akapiga magoti. Hakuinuka. Wakaja kumtoa. Na Bwana Asilimia, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza kumwingia moyoni kilikuwa furaha. Haikudumu, lakini aliitambua kuwa ni furaha, na aibu ikamshika mwili mzima hata akashindwa kumtazama mama usoni.

"Ni huyo kocha," mama alisema huku akilia. "Kamchezesha mtoto mgonjwa. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Alijua ni ujumbe wa ushindi, akaiacha humohumo.

Jioni mdogo wake alimpigia mama kutoka hospitali, mama akaongeza sauti ili wote wasikie. Msuli wa bega ulikuwa umechanika vibaya, na daktari hakumpa matumaini ya kurusha tena.

"Kaka yupo hapo?" aliuliza. "Mwambie asijilaumu. Namjua, hatalala. Hata namba hukosea."

"Namba gani?" mama akauliza.

Angeweza kunyamaza. Mdogo wake alikuwa ameshamsamehe, tena kwa kosa ambalo silo. Hilo ndilo lililomshinda kulimeza.

"Hazikukosea," alisema. "Nilijua bega litakushinda. Nilikuwa nimebeti kwamba utatolewa."

"Ulipata?" mdogo wake akauliza.

"Nilipata."

Mama aliichukua simu yake, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango.